Safari ya Jani: Bustani ya Mboga Nyumbani katika Handeni na Korogwe

Wilaya za Handeni na Korogwe, katika Mkoa wa Tanga, zinapakana, lakini mwenye bustani katika wilaya hizo mbili hakabiliwi na mambo yaleyale. Korogwe ina Mto Pangani katika nchi ya chini, na ina vijiji vya milimani, kama vile Bungu, ambako Milima ya Usambara hupata ubaridi na ukungu. Handeni imekaa upande wa kusini wa mto huo, katika nchi ya vilima vidogo na nyika, na maji yake hutegemea sana malambo, visima na mvua. Wilaya zote mbili hupata misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Lakini Handeni mvua ya vuli huweza kuchelewa, kupungua, au kukosekana kabisa, na miaka ya ukame si migeni kwa wakazi wake.

Katika wilaya hizo mlo wa kila siku ni ugali wa mahindi au wa muhogo, ambao wenyeji wengi wa Tanga huuita bada. Ugali huleta nguvu mwilini. Lakini kinga ya macho, damu na ngozi haitoki katika ugali. Hutoka katika kile kinacholiwa pamoja nao, yaani mboga. Wakati wa mvua majani hujiotea hata kando ya njia. Wakati wa kiangazi hutoweka, na mama wa nyumbani hulazimika ama kununua sokoni, ama kupika dagaa au maharage bila jani lolote, ama kula ugali kwa chumvi. Athari ya miezi hiyo haionekani kwa siku moja. Huonekana polepole kwa mtoto ambaye jioni hujikwaa kwa sababu haoni vizuri katika mwanga hafifu, na kwa mama mjamzito anayechoka upesi kwa upungufu wa damu.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja: faida ya mboga haikamiliki kwa kupanda peke yake. Jani lina safari, kuanzia udongoni hadi mdomoni, na katika kila kituo cha safari hiyo liko jambo linaloweza kulipunguzia thamani. Anayejua sababu za upotevu huo anaweza kuuzuia kwa vyombo alivyo navyo nyumbani.

MBOGA ZA ASILI NA ELIMU YA SAYANSI

Kwa muda mrefu wataalamu wa kilimo walihimiza zaidi mboga za kigeni, kama vile kabichi, na kuyaona majani ya asili kuwa chakula cha wakati wa shida. Mtazamo huo umebadilika. Mwaka 1979 mwanaanthropolojia Anne Fleuret alichapisha utafiti wake kuhusu majani ya porini katika mlo wa Wasambaa wa Lushoto, wilaya jirani na Korogwe. Alionyesha kwamba majani hayo, ambayo hayakuwa yakihesabiwa katika takwimu za kilimo, yalikuwa sehemu ya kawaida ya mlo wa familia. Tangu mwaka 1992 Kituo cha Dunia cha Mboga kimekuwa na tawi lake mjini Arusha, na miongoni mwa kazi zake ni kukusanya na kuboresha mbegu za mboga za Afrika, zikiwemo mnavu, mgagani, mchicha na ngogwe.

Sababu ya kuthaminiwa upya kwa mboga hizo inaonekana katika majedwali ya lishe. Gramu 100 za majani mabichi ya mchicha huwa na takriban miligramu 215 za kalsiamu, miligramu 2.3 za chuma na miligramu 43 za vitamini C. Kiasi hichohicho cha kabichi huwa na takriban miligramu 40 za kalsiamu, nusu miligramu ya chuma na miligramu 37 za vitamini C. Kwa upande wa vitamini A tofauti ni kubwa zaidi: mchicha una takriban mikrogramu 146, na kabichi mikrogramu 5 tu.

Hata hivyo, mwanafunzi wa sayansi hana budi kuzisoma tarakimu hizo kwa uangalifu. Mchicha una pia oksaleti, ambayo hushikana na kalsiamu na kuizuia isifyonzwe yote tumboni. Aidha, mmea hauna vitamini A yenyewe. Una karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kwa makadirio yanayotumika sasa, mikrogramu 12 za karotini ya aina ya beta zilizomo katika chakula huupa mwili mikrogramu moja tu ya vitamini hiyo. Tarakimu zilizotajwa hapo juu zimekwisha kuzingatia ugeuzaji huo, lakini zinatufundisha kwamba kilichomo katika jani na kinachoingia mwilini ni vitu viwili tofauti.

KITUO CHA KWANZA: MAJI

Swali la kwanza la mkulima wa Handeni ni maji, na swali hilo lina hesabu yake. Maji ya kina cha milimita moja juu ya eneo la mita mraba moja ni sawa na lita moja. Katika siku kavu yenye jua kali, tuta lenye mimea linaweza kupoteza maji ya kina cha milimita 5 hivi, kwa mvukizo wa udongo na kwa maji yanayotoka katika majani. Tuta lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5 lina eneo la mita mraba 6. Kwa hiyo hupoteza lita 30 kwa siku, yaani ndoo moja na nusu za lita 20. Kwa mama anayebeba maji kichwani kutoka lamboni, huo ni mzigo mkubwa. Ndiyo maana bustani ya kiangazi haina budi kuwa ndogo, ikae karibu na nyumba, na ilindwe isipoteze maji bure.

Njia ya kwanza ya kuilinda ni umbo la tuta. Katika vijiji vya milimani vya Korogwe, ambako mvua ni nyingi, tuta huinuliwa ili maji ya ziada yaondoke na mizizi ipate hewa. Huko Handeni wakati wa ukame tuta lililoinuliwa hukauka upesi kwa sababu upepo na jua hulipiga pande zote. Huko yafaa tuta liwe la kuzama: udongo wa juu huondolewa na kuwekwa kando, shimo huchimbwa kwa kina cha sentimita 20 hivi, kisha udongo wa juu uliochanganywa na samadi hurudishwa ndani, na uso wa tuta huachwa chini kidogo ya ardhi ya pembeni. Kila tone linalomwagwa hubaki mahali palipo na mizizi.

Njia ya pili ni matandazo. Majani makavu, maganda ya kunde au nyasi zisizo na mbegu zikitandazwa juu ya udongo huzuia jua lisiupige moja kwa moja, hupunguza mvukizo, na hatimaye huoza na kuwa mbolea.

Njia ya tatu ni kukinga mvua. Paa la bati lenye eneo la mita mraba 40, likipata mvua ya milimita 20, hupokea lita 800. Hata kama robo yake itapotea kwa kumwagika, hubaki lita 600, ambazo zinatosha kulimwagilia tuta letu kwa siku 20. Maji yaliyotumika kuoshea mboga na nafaka pia yanafaa. Maji ya sabuni nyingi ya unga yasimwagwe mahali pamoja kila siku, maana chumvi ya sodiamu iliyomo huharibu udongo. Wala maji machafu ya aina yoyote yasimwagiwe majani yatakayoliwa mabichi.

Umwagiliaji ufanywe asubuhi na mapema au jioni. Maji yanayomwagwa saa sita mchana hupotea kwa kiasi kikubwa hewani kabla mizizi haijayafikia.

KITUO CHA PILI: KUCHAGUA MIMEA

Mimea haitumii maji kwa namna moja. Mchicha na mgagani ni miongoni mwa mimea inayofanya usanisinuru kwa njia ya kaboni nne, kama ifanyavyo mimea ya mahindi na mtama. Mimea ya namna hii ina mpango maalumu wa seli unaokusanya hewa ya kaboni dioksidi na kuipeleka penye kazi ikiwa imesongamana. Kwa sababu hiyo inaweza kutengeneza chakula kingi hali stomata, yaani vitundu vidogo vya jani, zimefunguka kidogo tu, na hivyo hupoteza maji machache kwa kila gramu ya majani inayojenga. Kabichi na nyanya hazina mpango huo, na hustawi zaidi penye ubaridi au maji ya kutosha. Kwa hiyo kabichi inastahili Bungu kuliko Mkata au Sindeni, na mgagani ni mwenyeji halisi wa nchi yenye joto.

Bustani nzuri ya nyumbani huchanganya mimea ya muda mfupi na ya muda mrefu. Mchicha huwa tayari kuvunwa baada ya wiki tatu au nne. Mnavu na mlenda huchukua muda mrefu zaidi kidogo, lakini huvunwa mara nyingi. Kunde hutoa majani kwanza na maharage yake baadaye. Zaidi ya hayo, bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani na kuirutubisha ardhi. Matembele, yaani majani ya viazi vitamu, hupandwa kwa vipande vya shina mahali pa kuogea au pa kuoshea vyombo, na huweza kuendelea kijani wakati mimea mingine imekwisha kukauka. Miti miwili ya mlonge kando ya ua, yenye mizizi iendayo chini sana, na mashina machache ya muhogo kwa ajili ya kisamvu, ni akiba ya miezi mikavu kabisa.

Mbegu nazo zina tabia zake. Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Zichanganywe na mchanga mkavu ili zisianguke mahali pamoja. Mbegu za mlenda zina ganda gumu lisilopitisha maji. Zikifungwa katika kitambaa na kuchovywa katika maji yanayochemka kwa sekunde chache, kisha kupozwa mara moja, ganda hulegea na mbegu huota kwa wingi. Mbegu mpya za mgagani zina usingizi: zikipandwa mara tu baada ya kuvunwa huota chache, lakini zikihifadhiwa miezi kadhaa huota vizuri. Mkulima asiyejua hayo hudhani mbegu zake ni mbovu, akazitupa.

KITUO CHA TATU: KUVUNA

Watu wengi huvuna mchicha kwa kuung'oa. Njia hiyo hutoa mboga mara moja tu. Yafaa zaidi kuukata, na sababu yake ni somo zuri la biolojia. Ncha ya shina hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo huyazuia machipukizi ya pembeni yasikue. Ncha ikikatwa, kizuizi hicho huondoka, na machipukizi yaliyokuwa yamelala katika makwapa ya majani huamka. Shina likikatwa sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, hutoa matawi kadhaa, na matawi hayo huvunwa tena baada ya wiki moja au mbili. Kila baada ya kuvuna mmea upewe samadi iliyooza au mboji kidogo, kwa maana majani mapya yanahitaji naitrojeni. Samadi mbichi isitumike. Hutoa joto na amonia inayoweza kuunguza mizizi, na huweza kubeba vimelea vya magonjwa.

Maua yakianza kutokea, mmea hupeleka chakula chake kwenye mbegu, na majani huwa magumu. Mimea miwili au mitatu iliyo bora iachwe itoe mbegu za msimu ujao, na mingine iondolewe ili nafasi yake ipandwe upya.

Jani lililokatwa bado li hai. Huendelea kupumua, hutumia akiba yake, na hupoteza maji bila ya kuletewa mengine. Jani lililonyauka juani limekwisha kupoteza sehemu ya vitamini C yake. Kwa hiyo mboga ivunwe karibu na wakati wa kupika. Na hii ndiyo faida kubwa ya bustani iliyo hatua chache kutoka jikoni kuliko soko lililo mbali.

Wadudu huzuiwa kwanza kwa kuwaokota, kwa kubadilisha mahali pa kupanda, na kwa kuondoa mimea yenye ugonjwa. Nyanya, mnavu na ngogwe ni jamaa moja. Zikifuatana mahali pamoja hurithishana magonjwa ya udongo. Endapo kiuatilifu kitatumika, siku za kungoja zilizoandikwa juu ya chombo chake zihesabiwe kabla ya kuvuna, na chombo hicho kisitumike kamwe kuchotea maji.

KITUO CHA NNE: JIKONI

Kituo hiki ndicho chenye upotevu mkubwa kuliko vyote. Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na joto. Desturi ya kukatakata majani kwanza, kuyaosha baadaye, na kuyakamua, huitoa vitamini hiyo kupitia kila mahali palipokatwa. Utaratibu ulio bora ni kuosha majani yakiwa mazima, kuyakata kabla tu ya kupika, kutumia maji machache yaliyokwisha kuchemka, kufunika chungu, na kupika kwa dakika chache. Maji yaliyobaki yaliwe kama mchuzi. Mboga zenye uchungu, kama mgagani na mnavu, ni tofauti kidogo, kwa kuwa watu wengi humwaga maji ya kwanza ili zilike. Hapo yafaa kumwaga mara moja tu, au kupunguza uchungu kwa maziwa, karanga au tui la nazi. Matunda mabichi ya mnavu yasiliwe, kwa kuwa yana solanini, ambayo ni sumu.

Magadi yana nafasi yake katika mapishi ya mlenda na ya majani magumu. Hulainisha kuta za seli na kuilinda rangi ya kijani. Lakini magadi ni alkali, na katika alkali vitamini C na baadhi ya vitamini B huharibika upesi. Anayeyatumia ayatumie kidogo sana. Limau lina tabia iliyo kinyume: asidi yake huigeuza rangi ya kijani kuwa ya kahawia, kwa sababu huiondoa magnesi iliyomo katika umbijani. Kwa hiyo likamuliwe mboga ikiwa imekwisha kuiva, karibu na wakati wa kula.

Limau hilo si kwa ajili ya ladha tu. Chuma kilichomo katika majani hufyonzwa kwa shida, lakini vitamini C ikiwapo tumboni wakati huohuo, ufyonzwaji wake huongezeka. Handeni na Korogwe ni nchi ya machungwa. Chungwa moja baada ya ugali na mchicha lina kazi ya kweli katika damu. Chai ina kazi iliyo kinyume. Tanini zake hukishika chuma, hivyo ni vema inywewe saa moja au zaidi baada ya mlo, hasa kwa mama wajawazito.

Karotini, kwa upande wake, haiyeyuki katika maji bali katika mafuta. Mboga iliyochemshwa kwa chumvi na maji matupu huyapitisha tumboni sehemu kubwa ya karotini yake bila ya kufyonzwa. Kijiko cha mafuta, karanga zilizotwangwa au tui la nazi hubadilisha hali hiyo. Kwa hakika wapishi wa Tanga waliotia nazi katika kisamvu na matembele walifanya kwa ajili ya utamu jambo ambalo kemia imekuja kulithibitisha baadaye.

KISAMVU NA SUMU YAKE

Kisamvu kinastahili maelezo ya pekee. Ni jani lenye protini nyingi kuliko mboga nyingi, lakini lina kemikali iitwayo linamarini, ambayo ndani yake imefungwa sianidi. Jani likiwa zima, linamarini hukaa mbali na kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Jani likipondwa, kuta za seli hupasuka, viwili hivyo hukutana, na sianidi hufunguliwa. Mtu asiyejua angeweza kudhani kwamba kutwanga huongeza hatari. Ukweli ni kinyume chake. Haidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi. Ikisha kufunguliwa hutoroka hewani upesi, hasa chunguni penye joto. Sianidi iliyobaki imefungwa ndani ya jani lisilopondwa ndiyo inayoingia tumboni.

Kwa hiyo kisamvu kitwangwe mpaka kiwe laini kabisa, kiachwe kidogo kabla ya kupikwa, kisha kichemshwe chungu kikiwa wazi, mahali penye hewa. Hapa kanuni ya kufunika chungu, tuliyoitaja juu ya mchicha, haitumiki. Kila mmea una kanuni yake kwa sababu kila mmea una kemia yake.

Kwamba jambo hili si la nadharia tu, Tanzania imekwisha kulishuhudia. Mwaka 1985, katika Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara, ulizuka ugonjwa wa konzo, ambao hupoozesha miguu ghafla na kuiacha hivyo maisha yote. Ulihusishwa na ulaji wa mizizi ya muhogo mchungu ambayo haikutayarishwa kwa muda wa kutosha wakati wa ukame, katika mlo wenye protini haba. Njaa iliwafanya watu wafupishe siku za utayarishaji. Somo lake lafaa kukumbukwa popote penye muhogo na ukame, Handeni ikiwemo: wakati wa njaa ndio wakati wa kuwa waangalifu zaidi katika utayarishaji.

KUKAUSHA KWA AJILI YA KIANGAZI

Majani mengi ya masika yanaweza kuhifadhiwa kwa kukaushwa. Vitamini C nyingi itapotea, na hapana njia rahisi ya kuizuia. Lakini karotini na madini yanaweza kubaki, ikiwa mkaushaji atakumbuka kwamba mwanga wa jua ni adui wa karotini. Mwaka 2003 watafiti Mulokozi na Svanberg walichapisha matokeo ya kulinganisha mboga za majani zilizoanikwa wazi juani na zile zilizokaushwa katika kabati linalotumia joto la jua. Zile za kabatini zilibaki na karotini nyingi zaidi.

Asiye na kabati aweza kufuata kanuni hiyohiyo. Majani yachovywe kwanza katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, ili vimeng'enya vinavyoyaharibu vizimwe. Kisha yatandazwe kwa tabaka jembamba juu ya mkeka safi, kivulini penye upepo, na yageuzwe mara kwa mara. Yakiwa makavu kiasi cha kuvunjika mkononi, yawekwe katika chombo kikavu chenye mfuniko, mahali penye giza. Yenye unyevu huota ukungu, na hayafai kuliwa.

MIMEA YA VIUNGO

Pembeni mwa bustani pana nafasi ya mchaichai, mrehani, giligilani na tangawizi. Mchaichai hupandwa ukingoni, ambako mizizi yake huuzuia udongo usichukuliwe na maji, nao hutoa kinywaji kisicho na tanini nyingi kama za majani ya chai. Kivumbasi, jamaa wa mrehani, kina mafuta yenye harufu kali ambayo mbu huyaepuka, na kwa sababu hiyo wenyeji wengi hukiweka karibu na nyumba. Lakini kufukuza mbu si kutibu malaria. Mwenye homa hana budi kupimwa katika kituo cha afya, na chandarua kiendelee kutumika.

MAJARIBIO KWA SHULE

Jaribio la kwanza. Wanafunzi watayarishe matuta mawili ya mita moja kwa mita mbili, yenye udongo, samadi na mbegu za mchicha zilizo sawa. Tuta moja liwekewe matandazo, jingine liachwe wazi. Kila asubuhi mwanafunzi aingize kidole hadi kina cha sentimita 5, na amwagilie pale tu udongo unapokuwa mkavu, akiandika lita alizotumia. Katika kila tuta nusu ya mimea ing'olewe inapokomaa, na nusu ikatwe. Baada ya wiki nane jumla ya maji na uzito wa mavuno vilinganishwe.

Jaribio la pili. Andaeni uji mwepesi wa wanga, mtie matone machache ya iodini mpaka upate rangi ya buluu. Vitamini C huiondoa rangi hiyo. Chukueni majani ya mchicha ya uzito sawa: sehemu moja ipondwe ikiwa mbichi katika maji kidogo, ya pili ichemshwe dakika 5, ya tatu dakika 30, kisha kila sehemu iongezewe maji mpaka ujazo wa zote uwe sawa. Hesabuni matone ya maji ya kila sehemu yanayohitajika kuifuta buluu. Pimeni vilevile maji yaliyotumika kuchemshia. Angalieni: maji yenye magadi yasipimwe kwa njia hii, kwa sababu alkali yenyewe huiondoa rangi ya iodini hata pasipo vitamini. Jadilini kwa nini mwanasayansi hana budi kuujua udhaifu wa kipimo chake kabla ya kuyaamini majibu yake.

HITIMISHO

Tumeona kwamba jani moja hupita katika mikono mingi: ya anayechota maji, ya anayevuna, ya anayetwanga na ya anayepika. Kwa desturi zetu nyingi mikono hiyo ni ya mama na ya binti zake, na elimu iliyoelezwa hapa isiwe mzigo mwingine juu yao. Wavulana na akina baba nao wana sehemu katika kuchimba tuta, kukinga maji ya paa na kutunza mbegu. Mwanafunzi aliyejifunza oksini, kimeng'enya na karotini darasani, kisha akarudi nyumbani akaukata mchicha badala ya kuung'oa na akauosha kabla ya kuukata, ameitumia sayansi yake mahali inapohitajika. Tuta la mita mraba 6 halitamaliza ukame wa Handeni. Lakini likitunzwa, na jani lake likilindwa mpaka mezani, linaweza kuufanya mwezi mkavu uwe na mboga ya kijani katika sahani ya mtoto, na macho yake yakaendelea kuona jioni kama yaonavyo mchana.